Jinsi ya kuandaa albamu ya nyimbo za watunzi wengine: mafunzo kutoka kwa Nanci Griffith

Mwimbaji aliyezoea kutunga nyimbo zake na kuzipigia gitaa mwenyewe anapotangaza kwamba albamu yake ijayo itakuwa ya kurudia nyimbo za wengine, wapo watakaodhani kwamba ameishiwa. Dhana hiyo si ya haki, lakini ina chanzo chake, kwa kuwa albamu nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa haraka, kwa kukusanya nyimbo zinazopendwa na kuziimba jinsi zilivyo. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa heshima. Msimamo wangu ni kwamba albamu ya marudio ni ushahidi wa hadharani wa mahali mwimbaji alipojifunzia kazi yake, na kwamba kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia uchaguzi wa nyimbo hadi ujazaji wa fomu za usambazaji, unapaswa kuutumikia ushahidi huo.

Mfano nitakaoutegemea ni albamu ya Nanci Griffith iitwayo Other Voices, Other Rooms, iliyotoka mwaka 1993. Griffith alizaliwa Seguin, Texas, mwaka 1953, na kufikia wakati huo alikuwa tayari na jina kama mtunzi, kiasi kwamba waimbaji wengine walikuwa wakirekodi nyimbo zake. Alikusanya nyimbo 17, akamkabidhi Jim Rooney utayarishaji, na mwaka 1994 albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kisasa ya muziki wa jadi. Jina la albamu lilitokana na riwaya ya Truman Capote ya mwaka 1948, ambayo mwimbaji ameishika mkononi katika picha ya jalada.

Anza na majina ya watu

Kosa la kwanza katika kazi hii ni kuanza na orodha ya nyimbo unazozipenda. Orodha ya namna hiyo haina mwisho, tena hukuvuta kwenye nyimbo zilizokwisha kurudiwa na kila bendi ya kopi. Anza na orodha ya watu: nani alikufundisha kwamba ubeti mmoja waweza kubeba habari ya maisha mazima, nani alikuonyesha namna ya kulikokota neno la mwisho wa mstari, ni kwa nani uliiba mtindo wako wa kucharaza kwa vidole. Orodha ikishakamilika, ndipo utafute kwa kila jina wimbo mmoja ambao deni lako kwake linasikika waziwazi.

Griffith alifanya hivyo kwa umakini unaostahili kuchunguzwa. Kwa Bob Dylan aliziacha nyimbo za maandamano zinazojulikana dunia nzima, akachukua Boots of Spanish Leather ya mwaka 1964, ambayo ni mazungumzo ya wapenzi wawili wanaotenganishwa na bahari. Kwa Woody Guthrie alichagua Do Re Mi, unaowaonya wakulima waliokimbia ukame na vumbi kwamba California haimpokei mtu asiye na fedha mfukoni. Wimbo wa kwanza kabisa wa albamu, mahali ambapo wengi wangeweka jina kubwa, aliupa utunzi wa Kate Wolf, mwanamke wa California aliyefariki mwaka 1986 na ambaye wasikilizaji wengi hawakuwa wamemsikia. Watunzi wasio na umaarufu mkubwa kama Vince Bell na Frank Christian walipata nafasi sawa na Gordon Lightfoot. Ningependa kila msanii aige mpango huo, kwa sababu majina makubwa huwaleta watu kwenye albamu, na wakishafika huwasikia pia wale ambao wasingewatafuta kamwe.

Angalia vilevile uzi unaoziunganisha. Nyimbo nyingi za albamu ile zinahusu safari, kuaga na kuwa mbali na nyumbani: mpenzi aliyepanda meli, kibarua wa Ireland aliyeko ugenini katika wimbo wa Mwingereza Ralph McTell, mwanamuziki anayesubiri gari barabarani kwenye baridi. Hakuna mahali mada hiyo inapotangazwa, lakini anayesikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho huiona. Kama nyimbo zako hazina uzi, utakuwa na mkusanyiko tu.

Kabla ya kuupitisha wimbo wowote, upige peke yako kwa gitaa moja, bila kurekodi na bila athari za studio. Wimbo ambao hausimami katika hali hiyo ulikuwa unabebwa na ala za rekodi ya awali, na ni afadhali uuache.

Kuufanya wimbo ukae kinywani mwako

Sikiliza rekodi ya mtunzi hadi uyajue maneno na mwendo, uyaandike maneno kwa mkono, kisha uache kabisa kuisikiliza. Anayeendelea kuisikiliza rekodi ile kila siku huishia kuiga hata pumzi za mwenyewe na lafudhi yake, na hakuna kinachoharibu marudio kama lafudhi ya kuazima.

Kinachofuata ni ufunguo, yaani kimo cha sauti unachouimbia wimbo. Ufunguo wa mtunzi ulichaguliwa kwa ajili ya koo lake. Tafuta mstari ulio juu kuliko yote katika wimbo, uuimbe kwa sauti ya chini kama unayezungumza na mtu aliye karibu, na ukilazimika kukaza koo, shusha nusu toni moja moja hadi mstari huo utoke bila shida. Kisha jaribu mstari ulio chini kuliko yote, kwani mara nyingi ndio utakaokukatalia baada ya kushusha. Kwenye gitaa, kapo, yaani kibano kinachofungwa shingoni mwa gitaa, hupandisha tu na haishushi, kwa hiyo anayetaka kushuka hana budi kubadilisha mikao ya vidole. Chukua wimbo ulio katika ufunguo wa C ambao koo lako linautaka katika A: weka kapo kwenye kisanduku cha pili, upige kwa mikao ya G. Sauti itakayotoka ni ya A, lakini nyuzi zinazoachwa wazi zitakuwa nyingine, na mlio wote wa gitaa utabadilika. Mabadiliko hayo yapokee kwa furaha, kwa maana wimbo uliohamishiwa kwenye mikao mingine ya vidole huanza wenyewe kuachana na rekodi ya awali, kabla hujafikiria mpangilio wowote.

Fikiri pia anayezungumza katika wimbo ni nani. Katika Boots of Spanish Leather beti sita za kwanza ni za kupokezana kati ya anayeondoka na anayebaki, na tatu za mwisho ni za aliyebaki peke yake, baada ya kupata barua. Kinywani mwa Dylan aliyeachwa ni mwanamume. Unapoimbwa na Griffith, msikilizaji analazimika kupanga upya nani yuko melini na nani yuko ufukweni, na wimbo uliokwisha kuzoeleka kwa karibu miaka thelathini unakuwa na jambo jipya la kusema. Tafuta mahali pa namna hiyo katika kila wimbo, yaani mahali ambapo umri wako, jinsia yako au ulikotoka kunaibadilisha maana bila wewe kuligusa neno lolote. Usipopapata, jiulize kwa nini wewe ndiye unayeuimba.

Wa kumshirikisha

Griffith alimwita Dylan mwenyewe apulize harmonika katika Boots of Spanish Leather, na jina kubwa kama hilo halikupewa hata mstari mmoja wa kuimba. John Prine aliimba naye Speed of the Sound of Loneliness, utunzi wake mwenyewe. Frank Christian alipiga gitaa katika wimbo wake. Arlo Guthrie, mtoto wa Woody, alishiriki kuimba wimbo wa Townes Van Zandt. Kila mgeni ana uhusiano na nyimbo zile au na ukoo wake wa muziki, na kila mmoja amepewa kazi ambayo wimbo wenyewe uliihitaji. Kushirikisha msanii kwa sababu ya wafuasi wake tu huonekana mapema, na wimbo ndio unaoumia.

Asiyeweza kugharimia wageni asife moyo. Mwaka 1992 na 1993 Dylan alitoa albamu mbili za nyimbo za zamani akiwa peke yake na gitaa na harmonika, na ya pili ikapata Grammy ya muziki wa jadi. Chumba tulivu, maikrofoni moja nzuri na muda wa kutosha vinatosha kwa kazi hii.

Haki za watunzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopita mbio. Wimbo una haki mbili tofauti: haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na haki ya rekodi. Ukiuimba upya kwa ala zako huigusi rekodi, hivyo unashughulika na mtunzi au mchapishaji wake pekee. Ukikata kipande cha rekodi ya zamani na kukiingiza katika kazi yako, hapo utahitaji ruhusa za pande zote mbili.

Nchini Marekani sheria imetoa tangu mwaka 1909 leseni ambayo mwenye utunzi hawezi kuizuia: wimbo ukishatolewa mara ya kwanza kwa idhini yake, mtu mwingine anaweza kuurekodi mradi atoe taarifa na kulipa kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho kwa nakala moja ya wimbo usiozidi dakika tano kilikuwa senti 9.1 hadi mwaka 2022, na mwaka 2025 kilikuwa senti 12.7. Maana yake ni kwamba CD 1,000 zenye nyimbo 17 za urefu huo zingedai dola 2,159 kwa watunzi kabla hujalipa studio. Weka fedha hizo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Leseni hiyo inakuruhusu kuupanga wimbo ulingane na mtindo wako, lakini haikuruhusu kubadili melodia ya msingi, na haihusu video. Kutafsiri maneno pia ni jambo jingine kabisa: anayetaka kumwimba Prine kwa Kiswahili lazima apate idhini ya wenye haki, kwa maandishi.

Kwa nyimbo za nyumbani, ziendee taasisi za hakimiliki, yaani COSOTA Tanzania Bara, COSOZA Zanzibar au KECOBO Kenya, wakuelekeze kwa mwenye haki au kwa chama kinachomwakilisha. Sheria za Tanzania na Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi za Ulaya kwa miaka 70, kwa hiyo usidhani kwamba wimbo ni wa jadi kwa sababu tu bibi yako aliuimba. Malaika ni mfano mzuri. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba kwenye albamu yao ya mwaka 1965, na wengi wakawafuata, ilhali utunzi wake umedaiwa na zaidi ya mtu mmoja. Penye mgogoro wa namna hiyo, andika majina kama yalivyosajiliwa na uhifadhi barua zote ulizoandikiana na wahusika.

Albamu ya Griffith yenyewe inafungwa na wimbo wenye historia chungu kuliko yote. Wimoweh ulitokana na Mbube, ambao Mzulu Solomon Linda aliurekodi na kundi lake Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Kundi la The Weavers liliuchukua, mwaka 1961 The Tokens wakautoa kwa jina jingine na maneno mengine, na ukazunguka dunia. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Kwangu mimi habari hiyo inatosha kumfanya mwanamuziki yeyote wa Afrika atafute jina la mtunzi hadi alipate.

Maelezo na usambazaji

Andika kijitabu cha maelezo hata kama albamu itatoka mtandaoni pekee. Kwa kila wimbo taja mtunzi, rekodi uliyojifunzia, na sentensi mbili au tatu za kwa nini umo. Katika albamu yake ya mwaka 1992 Dylan aliandikiwa mpangilio wa nyimbo za jadi kwa jina lake, jambo lililoleta malalamiko kutoka kwa waliodai kwamba mipangilio mingine ilikuwa yao. Ile ya 1993 ina maelezo marefu ya mkono wake yanayowataja aliowasikiliza, miongoni mwao Mississippi Sheiks na Doc Watson, na hata leo yanasomeka kama darasa.

Ukipeleka kazi kwa msambazaji wa mtandaoni, fomu itakuuliza kama wimbo ni wako au ni marudio. Chagua marudio, na kwenye nafasi ya mtunzi andika jina lake kamili kama lilivyosajiliwa, kwa tahajia ileile. Jina lako liingie kwenye nafasi ya mwimbaji tu, na ya mpangaji pale ambapo mpangilio ni wako kweli. Hakiki kila mstari kabla ya kutuma, kwa kuwa mirabaha hufuata kilichoandikwa kwenye fomu hiyo, na kusahihisha jina la mtunzi baada ya wimbo kusambaa kwenye majukwaa yote huchukua wiki nyingi. Leseni na nakala za fomu zihifadhi pamoja, maana atakayetaka kuutumia wimbo wako kwenye filamu au tangazo atakuomba uzionyeshe.