Sosi nzito ya mtindi na tui ya kuchovyea matunda

Mwaka niliyoanza kupika kwa oda hapa Tanga nilichukua kazi ya kicheni pati kule Chumbageni. Nilipeleka masinia ya matunda na mabakuli matatu ya sosi ya mtindi ya kuchovyea. Nyumbani sosi ilikuwa imesimama vizuri kabisa. Kufika saa kumi jioni, na joto lile la Februari, ilikuwa imeshageuka uji. Ukichovya kipande cha embe kinatoka kitupu, na matone yanadondokea kwenye nguo za wageni. Mama wa bibi harusi hakunisema kitu. Alichukua bakuli moja taratibu akalirudisha jikoni, nami nikamfuata huku machozi yananilengalenga.

Kesho yake nilimweleza shangazi. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, mtindi uliuchuja?"

"Nilimwaga maji ya juu, shangazi."

"Ya juu yanamwagika yenyewe. Mimi nakuuliza ya ndani."

Maneno hayo ndiyo yamebeba mwongozo huu wote. Sosi yenyewe ni rahisi: haipikwi, haihitaji mashine, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuikoroga. Kinachoiharibu ni maji. Maji ya mtindi, maji ya nazi iliyokamuliwa ovyo, maji ya matunda yaliyooshwa yakapangwa sahanini yangali yanachuruzika. Ukiyatoa hayo, umemaliza.

Wamarekani sosi ya namna hii huitengeneza kwa jibini laini na marshmallow, ile peremende nyeupe laini kama sponji. Jibini hiyo huku kwetu ni ghali na huipati kila duka, na utamu wake mimi naona unalifunika tunda. Mtindi tunao tele, maana mkoa huu una wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na nazi tumezaliwa nazo. Wagujarati nao wana shrikhand, yaani mtindi uliochujwa ukatiwa sukari, iliki na zafarani. Nilipoionja mara ya kwanza nikajua shangazi alikuwa anasema nini. Mimi nimeongeza tui.

Mahitaji ya bakuli moja, watu 8 hadi 10:

Mtindi usio na sukari, lita 1
Nazi 1 kubwa iliyokomaa
Asali, vijiko 3 vya chakula
Iliki, punje 6
Ndimu 1
Chumvi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili

Anza jioni ya siku ya kuamkia shughuli. Ukianza asubuhi ya siku yenyewe utaharakisha, na mtindi hauharakishwi.

Hatua ya 1: Mtindi

Mtindi wa pakiti kama wa Tanga Fresh unafaa, mradi uwe wa kawaida usiotiwa sukari wala ladha. Epuka zile yogati za vikombe zenye rangi. Nyingi zimetiwa wanga au jelatini ya kuzifanya nzito, na vitu hivyo vinayashika maji yasitoke hata ukizitundika usiku kucha.

Kama unanunua maziwa mabichi kwa mfugaji ili ugandishe mwenyewe, yachemshe kwanza. Najua wako wanaosema mtindi wa maziwa yasiyochemshwa ni mtamu zaidi. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela, na mimi siwezi kuwapa watoto wa watu kitu hicho. Chemsha, acha yapoe hadi kidole kivumilie ndani yake bila kuungua, koroga vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika, weka mahali penye joto. Kwa hali ya hewa yetu asubuhi utakuta umeganda.

Hatua ya 2: Kuchuja

Hapa usinihurumie muda.

Chukua kitambaa cha melimeli, au kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kichemshe, kikamue. Usitumie kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya kunukia, kwa sababu mtindi hunyonya harufu na utaila sabuni hiyo pamoja na embe. Kitandaze juu ya chujio, chujio uliweke juu ya sufuria lenye kina, mimina mtindi, kunja pembe nne za kitambaa juu yake. Ingiza vyote kwenye friji. Usiutundike nje kwenye bomba la sinki usiku mzima kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Joto la Tanga linauchachusha, na asubuhi unakuta mkali hata asali haiufichi.

Saa 8 zinatosha. Ukiwa na saa 12, bora zaidi. Baada ya saa mbili za mwanzo fungua friji uangalie: chini kutakuwa na maji ya kijani hafifu yenye umanjano, na utashangaa wingi wake. Asubuhi mtindi wako utakuwa umebaki karibu nusu, wakati mwingine pungufu. Usiogope. Ukifungua kitambaa utauona umekaa kama donge, una alama za nyuzi za kitambaa pande zote, na pale unapogusana na kitambaa umekauka kidogo kuliko katikati. Hiyo ndiyo dalili. Kama bado unateleza na kutapakaa unapofungua, urudishe.

Mtindi wa kienyeji huwa na chembechembe hata baada ya kuchujwa. Usitumie blenda kuziondoa, utaulegeza na kazi yote itapotea. Upitishe kwenye chujio safi la chai kwa kuusukuma na mgongo wa kijiko. Inachosha mkono, lakini unatoka laini kama mafuta ya kujipaka.

Maji yaliyobaki sufuriani usiyamwage. Kandia chapati au maandazi badala ya maji ya kawaida.

Hatua ya 3: Tui

Hii ifanye jioni ile ile mtindi unapochuja. Kuna nazi kwa mbuzi na uache kukuna unapofika kwenye ngozi ya kahawia, isije ikachafua rangi. Mimina robo kikombe tu cha maji ya moto, fikicha kwa mkono mpaka machicha yalainike, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa. Hilo ndilo tui la kwanza, na ndilo pekee tunalolitaka. Tia maji mengine, kamua la pili, likae kwa wali wa jioni.

Lipashe tui la kwanza kwenye moto mdogo, ukilikoroga bila kuliacha lisije likakatika, mpaka likaribie kuchemka. Epua, lipoe, funika, weka kwenye friji mpaka asubuhi. Tui bichi huchacha upesi, na huku kulipasha kunalisaidia kukaa.

Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana huku pwani yako majimaji chupani, na ukiipeleka chupa hiyo hiyo Lushoto wakati wa baridi unaikuta imeganda nyeupe. Basi friji inafanya kazi ya Lushoto. Asubuhi juu kutakuwa na tabaka jeupe gumu na chini maji. Toboa pembeni kwa kijiko, mwaga maji yale, chukua tabaka. Nazi moja nzuri hunipa vijiko vinne au vitano vya chakula.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Weka tabaka la tui kwenye bakuli na ulipondeponde kwa kijiko mpaka lisiwe na mabonge. Tia mtindi kijiko kimoja baada ya kingine, ukiuingiza kwa kuukunja kutoka chini kwenda juu. Usipige kwa nguvu.

Menya iliki, chukua mbegu nyeusi, twanga sasa hivi. Iliki ya kutoka milima ya Usambara, upande wa Amani, ukiipata mbichi ya msimu, punje nne zinatosha. Iliki ya unga iliyokaa kwenye kopo miezi sita haina inachofanya humu. Kwaruza ganda la ndimu, ile ngozi ya kijani pekee, kwa sababu weupe wa chini yake ni mchungu. Juisi yake usiitie. Ina kazi nyingine.

Asali iwe ya mwisho. Asali hulegeza, na sukari ikiyeyuka hulegeza pia, kwa hiyo tia kijiko kimoja, koroga, onja, ongeza. Vijiko vitatu ni kiasi changu mimi wakati wa embe. Wakati wa machungwa natia vinne. Malizia na chumvi ile kidogo, inaamsha utamu wa nazi.

Pima hivi: chota kijiko kimoja, kipindue, hesabu mpaka kumi. Ikibaki kijikoni, iko tayari. Ifunike uiache kwenye friji saa nzima, iliki itoe harufu yake.

Nyumba yenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asali isiingie kwenye bakuli lake. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Mtengee sosi yake kabla ya kutia asali, ponda ndizi mbivu, changanya. Atakula vizuri tu.

Hatua ya 5: Matunda

Wengi huomba sosi yenyewe iwe na ladha ya nanasi. Naelewa, nanasi linanukia. Lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, na papai, hasa likiwa halijaiva sawasawa, lina papaini. Vyote viwili huvunja protini, na mtindi umesimama kwa sababu ya protini ya maziwa. Ukisaga nanasi bichi ukachanganya humo, baada ya muda sosi inalegea na kuingia uchungu. Niliwahi kuitupa lita nzima kabla sijajua sababu. Kama lazima iwe ya nanasi, lisage, lichemshe mpaka likauke liwe kama jamu, lipoe kabisa, ndipo utie. Moto unakiua kile kimeng'enya. La sivyo, liache nanasi likae sahanini, mtu achovye na kula pale pale. Hapo halina muda wa kuharibu chochote.

Kuchagua matunda kunategemea mwezi. Kuanzia mwisho wa mwaka embe zimejaa soko la Mgandini, na dodo ndiyo naipenda kwa kazi hii kwa sababu nyama yake haina nyuzi nyingi na inakatika vipande vinavyoshikika. Chagua iliyoiva lakini ngumu kidogo. Ikilegea inakatikia ndani ya bakuli. Miezi hiyo hiyo mapichi na plamu hushuka kutoka Lushoto, na pichi pamoja na iliki ni kitu ambacho nakuomba ukijaribu hata mara moja.

Machungwa ya Muheza usiyahukumu kwa rangi. Huku chini hakuna baridi ya usiku ya kuligeuza ganda kuwa la manjano, kwa hiyo chungwa linaiva ndani huku nje bado ni la kijani. Linyanyue: lililo zito kwa ukubwa wake lina maji. Menya, toa ule uzi mweupe wote, gawanya vipande, kisha vianike juu ya kitambaa dakika 20. Ngozi nyembamba ya juu ya kila kipande ikikauka, sosi inashika. Ikiwa na unyevu inateleza.

Ndizi, matufaha na mapea hubadilika rangi yakikatwa. Hapa ndipo juisi ya ndimu yetu inapotumika: ipake kwa kiganja, kidogo tu. Tikiti maji mimi siliweki. Ni maji matupu, na sinia zima litaogelea.

Osha matunda yote kabla ya kumenya, yafute kabla ya kukata, yafute tena kabla ya kupanga. Najua inaonekana ni kazi nyingi. Ndiyo inayotofautisha.

Hatua ya 6: Mezani

Weka barafu kwenye bakuli kubwa, bakuli la sosi likae ndani yake. Kumbuka zile nyuzi 24: sebule ya Tanga mchana inazipita mbali, na tui lako litaanza kuyeyuka mara moja. Ukiwa na watu wengi toa sosi kidogo kidogo, nyingine ibaki kwenye friji. Weka vijiti au uma ndogo, na kijiko cha kila mtu kujitilia kwenye kisahani chake, ili mtu asirudishe bakulini kipande alichokwisha kukiuma.

Iliyokwisha kukaa mezani zaidi ya saa mbili siirudishi kwenye friji. Ile ambayo haijatoka hukaa siku tatu, ikiwa imefunikwa. Ikitoa maji kidogo juu, yamwage, usiyakoroge ndani. Na ikibaki kidogo ambayo haitoshi kuweka mbele ya mgeni, mimi huijaza kwenye vikombe vidogo pamoja na vipande vya embe, nachomeka kijiti na kuigandisha, wanangu wanaikuta wakirudi madrasa.