Nyumba ya zamani Phoenix? Gusa kava za soketi

Kama unaishi Phoenix au Tucson, jimboni Arizona, kwenye nyumba iliyojengwa kati ya 1965 na 1973, huenda waya zake ni za alumini, si shaba. Hatari kubwa iko kwenye maungio. Alumini hutanuka na kusinyaa zaidi kuliko shaba, basi miaka ikipita skrubu za soketi hulegea na kuanza kupata moto. Kiangazi, joto likipita nyuzi 43 za Selsiasi na kiyoyozi cha dirishani kikinguruma kutwa kucha kwenye soketi ya kawaida, ndipo ungio bovu huzidiwa.

Weka kiganja juu ya kava. Ikiwa ya moto, imegeuka kahawia pembeni, au inanuka plastiki iliyoungua, zima saketi hiyo kwenye bodi ya swichi kuu za umeme na umwite fundi umeme mwenye leseni, hata kama taa zinawaka vizuri. Si lazima kubadilisha waya zote: fundi anaweza kuunga vipande vya shaba kwenye ncha za waya hizo kwa viungio maalumu kama AlumiConn au COPALUM. Vile vikofia vya kawaida vya kuungia waya kwa kuzungusha, tafadhali kataa. Mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, na picha ya kava uiambatanishe.