Kiharusi kikifika zamu: kazi ya damu na kazi ya picha

Nawaandikia madaktari na wauguzi wa zamu, hasa mlio katika hospitali ambazo mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili, ipo lakini bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu hayupo. Msimamo wangu ni huu: hadi sasa hakuna kipimo cha damu kinachoweza kushika nafasi ya picha ya ubongo. Damu ina kazi yake, tena kubwa, ila tuipe ile inayoiweza.

Hatua ya 1: Pata saa

Usiulize "ameanza lini?" Uliza, "Mama, mara ya mwisho kumwona mzima kabisa ilikuwa saa ngapi?" Aliyeamka mkono umelegea, hesabu inaanzia alipokwenda kulala. Kisha andika kwa mtindo wa saa 24 na umrudie ndugu kwa mdomo. Ndugu akisema "saa mbili usiku" na faili likaandikwa 02:00 badala ya 20:00, mgonjwa aliyechelewa ataonekana amewahi kwa saa sita. Alteplase, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mwisho wake wa kawaida ni saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kosa hilo linaweza kuua.

Hatua ya 2: Toboa kidole

Sukari ikishuka inaweza kulegeza upande mmoja wa mwili na kumfunga mtu ulimi, ukaapa ni kiharusi. Ikiwa chini ya 2.8 mmol/L, ipandishe kwanza, halafu mpime upya nguvu na usemi. Kwa wagonjwa wengi, hiki ndicho kipimo pekee cha damu ambacho lazima jibu lake liwe mkononi kabla ya alteplase.

Ukiweka kanula, chukua na damu ya picha kamili (hesabu ya seli za damu), INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) na figo, lakini usimzuie mgonjwa kwenda CT ukingoja majibu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiye wa kungojewa INR kabla ya dawa: ikizidi 1.7, hapewi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 100,000 kwa mikrolita, vilevile hapewi. Kwa mtoto au kijana, ulizia selimundu hapo hapo, maana matibabu yake huelekea kwenye kumbadilisha damu.

Presha mwache nayo kwanza. Najua ndugu watakusukuma uishushe, lakini ubongo uliokosa damu unaitegemea presha hiyo. Ukishaamua kutoa alteplase, ndipo uhakikishe iko chini ya 185/110.

Hatua ya 3: Picha, bila dawa ya kung'arisha

Swali la kwanza ni moja tu: kuna damu iliyovuja? Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye CT. Usiichanganye na chokaa ya kawaida katikati ya ubongo, ambayo ni nyeupe zaidi, tena ina kingo kali.

Kama hakuna damu, usiifunge picha. Bana dirisha la kutazamia (kipimo cha weusi na weupe wa picha), upana na kitovu viwe karibu 40, kijivu na cheupe vitengane vizuri. Sasa linganisha kulia na kushoto, taratibu. Tafuta mshipa mkubwa wa kati wa ubongo uliong'aa upande mmoja: hilo mara nyingi ni bonge lenyewe. Tazama insula, ule ukanda mwembamba wa kijivu uliojificha ndani ya mkunjo wa pembeni. Ukifutika upande mmoja, ubongo pale umeshaanza kufa.

Katika saa za mwanzo picha inaweza kuwa safi kabisa na kiharusi kipo. Picha safi pamoja na mkono uliolegea ghafla ni hoja ya kutibu, wala si ya kumrudisha mtu nyumbani. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, hukiona mapema zaidi. Tangu 2018, majaribio makubwa yameonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha hufaidika na kuvutwa bonge kwa katheta (mrija mwembamba) hadi saa 24 tangu walipoonekana wazima, pale huduma hiyo ilipo.

Hatua ya 4: Hizi protini mnazozisikia

GFAP ni protini ya seli zinazozishikilia neva za ubongo. Damu ikivuja, seli hizo hupasuka haraka na protini hupanda ndani ya saa chache. Mshipa ukiziba, hupanda polepole. Kutofautisha hayo mawili kwa damu ni wazo zuri sana, hasa kwa gari la wagonjwa lililo mbali na CT. Lakini mvujo mdogo unaweza kupita bila kuonekana, na jeraha la kichwa au uvimbe wa ubongo huipandisha pia. D-dimer, mabaki ya bonge la damu linapoyeyuka, nayo hupanda kwa maambukizi, saratani na ujauzito. Majibu hayo yasikupe ruhusa ya kutoa alteplase.

Hatua ya 5: Pasipo na CT

Mpe rufaa mara moja. Asipewe aspirini kabla ya picha, wala chakula au maji kabla hujampima kumeza. Piga simu anakokwenda, na barua ianze na ile saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, ikifuatiwa na sukari yake.