Mtoto mwenye majeraha ya kutia shaka: jinsi ya kumpima hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa daktari au muuguzi anayempokea mtoto mwenye jeraha lisiloeleweka. Swali unalopaswa kulijibu ni hili: je, kwa umri wa mtoto huyu, jeraha lingeweza kutokea jinsi linavyosimuliwa? Nani kafanya, waachie polisi na ustawi wa jamii.

1. Uhai kwanza. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu. Kichanga anayetapika bila kuharisha, amelegea au utosi umejaa, mfikirie damu kichwani hata kama ngozi yake ni safi.

2. Chukua maelezo. Zungumza na mlezi peke yake, na mtoto anayeweza kusema, naye peke yake. Uliza "Ilikuwaje?", kisha "Halafu?". Usiulize "Baba alikupiga?", kwa sababu hapo umeshamwekea jibu mdomoni. Andika maneno yaleyale aliyotamka. Kwa mlezi, pata undani: alianguka kutoka kimo gani, juu ya nini, nani alikuwepo, mara ya mwisho alikuwa mzima lini, na kwa nini hakuletwa mapema. Uliza pia mtoto anaweza nini: kujigeuza, kutambaa, kusimama? Jibu hilo utalihitaji sana katika hatua inayofuata.

3. Kagua mwili mzima. Vua nguo moja moja huku ukimsitiri. Tazama nyuma ya masikio, chini ya nywele, viganja, nyayo, makalio, na ndani ya mdomo: inua mdomo wa juu uone kama kile kijikano kinachouunganisha na ufizi kimechanika.

Mtoto anayekimbia huwa na alama kwenye miundi na paji la uso, hizo zisikusumbue. Zitakazokusimamisha ni alama za kuvilia damu kwenye kiwiliwili, sikio au shingo kwa mtoto aliye chini ya miaka 4, na alama *yoyote, popote,* kwa mtoto wa miezi 4 kushuka chini. Wengi huteleza hapa. Kichanga wa miezi 3 ana doa dogo shavuni, mlezi anasema alijigonga na kichezeo, kila mtu anatikisa kichwa kukubali, na doa linapotea baada ya siku chache. Asiyeweza hata kujigeuza havilii damu ovyo. Doa hilo linatosha kuanzisha uchunguzi wote ulioelezwa hapa chini.

Kwenye ngozi nyeusi tafuta mwanga mzuri na upapase uvimbe. Madoa ya kuzaliwa ya kijivu-buluu mgongoni na makalioni hayaumi, na ukiyatazama tena baada ya wiki yako vilevile. Usikadirie umri wa alama kwa rangi yake. Njia hiyo haiaminiki. Umbo ndilo linalosema zaidi: kitanzi cha waya, mistari sambamba ya vidole, au muunguzo wa maji moto wenye mpaka ulionyooka kama soksi, bila matone ya kurukia.

4. Picha. Aliye chini ya miaka 2 apigwe eksirei za mifupa yote, kila sehemu kwa picha yake. Picha moja ya mwili mzima haifai kitu. Zirudiwe baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mbavu zilizovunjika karibuni mara nyingi huonekana zinapoanza kuunga. Kuvunjika kwa mbavu upande wa nyuma, au kumeguka kwa pembe za ncha za mifupa mirefu, kunatia shaka kubwa. Lakini usidanganyike na mvunjiko wa kuzunguka (ufa unaouzunguka mfupa) kwenye muundi wa mtoto aliyeanza kutembea, maana hata kuanguka kwa kawaida huuleta. Kwa wa chini ya miezi 6, usisite kuomba CT skani ya kichwa. Ikionyesha damu, mwite daktari wa macho atanue mboni na kutazama retina, yaani utando wa nyuma ya jicho.

5. Damu. Picha kamili ya damu pamoja na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), vipimo vya kuganda, kalsiamu, fosfeti na vitamini D. Usisahau vimeng'enya vya ini: AST au ALT ikizidi yuniti 80 kwa lita, piga CT ya tumbo hata kama tumbo ni laini. Na vitamini D ikiwa chini, hiyo peke yake haifuti shaka.

6. Watoto wengine wa nyumba hiyo. Nao wakaguliwe. Pacha wake asikose kupigwa eksirei zilezile.

7. Andika na utoe taarifa. Piga picha ukiweka rula kando ya jeraha, chora mahali lilipo, na uandike kama linaendana na maelezo au la. Taarifa hutolewa kwa shaka ya msingi, usingoje ushahidi. Mwambie mzazi waziwazi, bila ukali: "Mama, jeraha la aina hii si la kawaida kwa mtoto wa umri huu, kwa hiyo ninalazimika kuwajulisha wahusika." Mtoto asiruhusiwe kutoka kabla ya kujulikana anakwenda mahali salama. Tarehe ya kurudia eksirei iandikwe kwenye faili pamoja na jina la atakayemleta, maana siku hiyo huenda asiwe yule aliyekuja naye leo.