Namna ya kumpima mchezaji wa chuo anayepigiwa debe kabla ya drafti ya NFL

Msimu wa vyuo Marekani huisha Januari, na drafti ya NFL, ambapo timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani huchagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, raundi kwa raundi, hufanyika mwishoni mwa Aprili. Ukiacha mechi za maonyesho kama Senior Bowl, katikati hapo hakuna mechi inayochezwa. Lakini kila mwaka utamkuta kijana ambaye Januari alitajwa kuwa wa raundi ya pili, na ikifika Aprili yuko kwenye kumi bora. Amefanya nini? Amekimbia na bukta mbele ya kamera, amehojiwa, na klipu zake zimesambaa.

Mimi huchambua vijana hawa kila msimu, na swali langu la kwanza ni hilo: tangu mechi yake ya mwisho, kimebadilika nini? Hizi ndizo hatua ninazofuata. Si lazima uwe skauti. Unahitaji intaneti, daftari na subira, tena subira kuliko vyote.

Hatua ya 1: Andika nafasi yake kabla kelele hazijaanza

Wiki ya pili ya Januari, fungua daftari uandike jina, nafasi anayocheza, na raundi ambayo wewe mwenyewe ungemchukua. Tia tarehe. Usisubiri kombaini ya Indianapolis, yaani siku za kuwapima vijana kasi na nguvu, kwa sababu ukishayaona matokeo yake huwezi tena kuyasahau.

Kisa cha kukuonyesha maana yake ni cha 1995. Mike Mamula wa Boston College, mtu wa ukingoni mwa safu ya ulinzi, alijifua mahususi kwa mazoezi yale yale yanayopimwa kwenye kombaini. Akang'ara mno, na Philadelphia Eagles wakatoa chaguo zao (zamu za kuchagua) kwa Tampa Bay ili wapande hadi nafasi ya 7 kumchukua. Tampa Bay wakashuka hadi ya 12, wakamchukua Warren Sapp, ambaye leo yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli. Mamula hakuwa mbovu. Katika misimu mitano aliwaangusha makwotabeki, yaani warusha pasi wa wapinzani, mara 31 na nusu (nusu hutolewa wawili wakimwangusha pamoja). Ila Eagles walilipa bei ya Sapp wakapata mchezaji wa kawaida.

Hatua ya 2: Hesabu mechi alizoanza

Hii ni kazi ya dakika tano, na kwa kwotabeki hakuna namba ninayoiamini zaidi. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu pale North Carolina, na bado Chicago Bears wakatoa chaguo tatu za ziada 2017 ili wasogee kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2 kumpata. Patrick Mahomes, nyota wa Kansas City Chiefs, alichukuliwa wa 10 drafti hiyo hiyo. Anthony Richardson wa Florida naye alianza 13, akachukuliwa wa 4 mwaka 2023.

Trey Lance ana hadithi ndefu kidogo. Mwaka 2019, akiwa North Dakota State, alirusha pasi 28 za tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la goli) bila hata moja kunaswa na wapinzani. Namba tamu, lakini ni za daraja la chini ya vyuo vikubwa, na 2020 alicheza mechi moja tu kwa sababu ya korona. San Francisco 49ers walitoa chaguo zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu ili wapande hadi nafasi ya 3 mwaka 2021. Lance aliwaanzia mechi nne, akavunjika kifundo cha mguu Septemba 2022, na Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Aliyeishia kuishika nafasi yake ni Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa 2022, wa 262, ambaye alikuwa amecheza misimu minne Iowa State.

Hatua ya 3: Tazama mechi tatu nzima, sauti ikiwa imezimwa

Hapa ndipo wengi hukwepa, kwa sababu ni kazi. Klipu za dakika tatu hukuonyesha pasi zilizofika tu. Chagua mechi tatu: moja dhidi ya mpinzani mkali kuliko wote aliokutana nao, moja ambayo timu yake ilifungwa, na moja ya kawaida tu. Sauti izime, maana mtangazaji akilitaja jina lake mara arobaini utaanza kuona mazuri hata yasipokuwepo.

Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi; kwa hiyo ruka hadi majaribio ya tatu yanayohitaji yadi saba au zaidi. Hapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, na walinzi wanamfuata kwa kasi yote. Simamisha picha mpira unapomfikia mikononi. Angalia macho: yanaelekea wapi kwanza? Endelea taratibu. Mpokeaji wa kwanza amebanwa. Je, kichwa kinageuka kwenda kwa wa pili, au kinabaki pale pale kikimngoja wa kwanza afunguke? Sasa rudisha nyuma uangalie miguu peke yake. Kwotabeki aliyetulia hupiga hatua ndogo ndogo mbele huku walinzi wakimpita pembeni. Asiyetulia hurudi nyuma, halafu hukimbia, hata kama hakuna aliyemkaribia. Andika neno moja kwa kila jaribio: amesoma, amekimbia, amelazimisha. Baada ya mechi tatu hutahitaji mtu akueleze.

Chukua Zach Wilson, kwotabeki wa chuo cha BYU. Msimu wa 2020 alirusha pasi 33 za tachidauni, zikanaswa tatu tu. Ila korona ilikuwa imevuruga ratiba, na wapinzani wengi wakubwa waliopangiwa walikuwa wamejiondoa. Machi 2021, siku ya majaribio chuoni kwake, alikimbilia kushoto, akageuza kiuno na kurusha mpira mrefu sana ukampata mpokeaji. Video ile ilizunguka dunia nzima, na New York Jets wakamchukua wa 2. Mbele yake siku ile hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Video ya kutazama ilikuwa ya 5 Desemba 2020 dhidi ya Coastal Carolina, mechi iliyopangwa siku chache tu kabla ya kuchezwa. Wapinzani walimfikia, walimsukuma, BYU wakafungwa 22 kwa 17. Kwa haki, mpokeaji wake aliangushwa yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa goli sekunde za mwisho, kwa hiyo kipaji kilikuwepo. Lakini siku hiyo ndiyo iliyofanana na NFL, na Jets walimpeleka Denver 2024.

Hatua ya 4: Vipimo vithibitishe ulichokwisha kuona

Mbio za yadi 40 ni kama mita 36 na nusu. Mlinzi wa mstari wa mbele hukimbia umbali huo mfululizo mara ngapi kwenye mechi? Karibu kamwe. Kwa mpokeaji mbio hizo zina maana, ila si kwa kiasi watu wanachodhani. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, Cincinnati wakamchukua wa 9, na msimu wake wa kwanza hakudaka pasi hata moja. Mwaka 2009 Oakland Raiders walimchukua Darrius Heyward-Bey, aliyekimbia 4.30, wa 7, wakamwacha Michael Crabtree aende wa 10. Tom Brady, kwotabeki aliyekuja kutwaa ubingwa mara saba, alikimbia 5.28, muda wa mtu anayewahi daladala bila haraka.

Kipimo kikisema ana kasi na mechi zako tatu hazionyeshi akimwacha mtu, amini mechi. Vernon Gholston wa Ohio State alikuwa na vyote, mwili wa kutisha na rekodi ya chuo ya kuwaangusha makwotabeki mara 14 msimu wa 2007. Jets walimchukua wa 6. Kwa misimu mitatu hakumwangusha kwotabeki hata mmoja. Tangu hapo, nikiona namba kubwa kama ile, huuliza ziliangukia mechi zipi na dhidi ya nani.

Hatua ya 5: Tafuta nani anapiga debe

Mpiga debe wa stendi hajali basi litafika Mbeya au litaharibikia Mikumi, maana yeye hulipwa abiria wakishapanda. Wakala, chuo, kituo cha televisheni kinachohitaji watazamaji, wote wanasimama stendi hiyo. Hata timu zenyewe huvujisha sifa za uongo ili jirani achukue mtu mwingine.

Kwa hiyo tenganisha kelele za vyombo vya habari na imani ya timu. Malik Willis wa Liberty alitabiriwa raundi ya kwanza 2022, akachukuliwa wa 86. Will Levis wa Kentucky alikaa ukumbini Kansas City 2023 usiku mzima wa kwanza bila kuitwa, akaenda wa 33 kesho yake. Shedeur Sanders wa Colorado, mtoto wa nyota wa zamani Deion Sanders, aliyekuwa pia kocha wake, alishuka 2025 hadi raundi ya tano, wa 144. Timu hazikuwahi kuwa na imani ile iliyotangazwa.

Hatari zaidi ni pale wote wawili wanapokubaliana. Mwaka 1989 jarida la Sports Illustrated lilimweka Tony Mandarich wa Michigan State kwenye jalada, na Green Bay wakamchukua wa 2. Waliofuata ni Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders, wote wako Ukumbi wa Mashujaa. Mandarich aliwachezea misimu mitatu, na 2008 alikiri kwamba alikuwa akitumia dawa za kuongeza misuli.

Hatua ya 6: Angalia bei

Mchezaji yule yule ni hasara akiwa wa 3 na ni faida akiwa wa 80. Zamani hasara ilikuwa ya fedha taslimu: Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji ukaja, na Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, akapewa kama milioni 22 kwa jumla. Siku hizi kinachoumiza ni chaguo unazotoa na miaka unayopoteza ukimngoja.

Hatua ya 7: Acha nafasi ya Josh Allen

Kwotabeki huyu, pale chuo cha Wyoming, pasi zake zilifika asilimia 56 tu msimu wake wa mwisho. Kwa kanuni zote hizi angepigwa mstari mwekundu. Buffalo walimchukua wa 7 mwaka 2018, na msimu wa 2024 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Ndiyo maana kwenye daftari langu siandiki "atafeli". Naandika bei ambayo ningeishia.

Hatua ya 8: Funga daftari mpaka mwaka wa tatu

Usihukumu msimu wa kwanza. Baada ya msimu wa tatu, timu hulazimika kuamua mapema Mei kama itaongeza mwaka wa tano kwa mchezaji wake wa raundi ya kwanza, na hapo huwezi kudanganywa na maneno ya mtu, kwa sababu wanaweka fedha mezani. Bears walikataa kumwongezea Trubisky mwaka 2020. Chiefs walimwongezea Mahomes msimu huo huo, na Julai wakampa mkataba wa miaka 10.