Kutoka kwenye vumbi hadi lami: pikipiki yako ya kwanza ya barabarani

Miaka ya kuruka matuta kwa pikipiki ya vumbini ilinilevya, nikaanza barabarani na cc 600 ya kimashindano. Usiniige. Ile ya vumbini ilikuwa na kilo 105 hivi; ya barabarani ya cc 300 hadi 400 hukaribia 165, na uzito huo utausikia ukiisukuma kwa mkono, hata kabla hujaiwasha. Basi isukume, igeuze, ipande, uone kama nyayo zote mbili zinagusa chini. Chagua yenye usukani mpana ulioinuka. Mabega yako yameshauzoea. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki kwa nguvu, usiiache: vumbini tulizoea kuburuza tairi la nyuma, ila kwenye lami breki ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa. Rangi? Utaizoea. Na kwenye kona mguu usiutoe nje kama tulivyozoea vumbini. Mimi bado hujisahau.