Futa ?pwd= kabla ya kutuma linki ya darasa

Mwalimu unayefundisha kwa Zoom, kabla hujabandika linki kwenye grupu la WhatsApp la darasa, tazama mwisho wake. Baada ya namba ya kikao kuna ?pwd= na mlolongo wa herufi: hiyo ndiyo nywila, imefumbwa ndani ya linki, na yeyote atakayeipata anaingia bila kuulizwa nywila. Futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho, tuma kilichobaki, kisha nywila yenyewe (si ule mlolongo uliofumbwa) itume kwa SMS dakika 10 kabla ya kipindi. Linki ikisambaa peke yake, mgeni atakwama mlangoni.

Haisaidii mwanafunzi akisambaza vyote viwili, na hilo hutokea. Kwa hiyo washa pia chumba cha kusubiri, uingize majina yaliyo kwenye daftari la mahudhurio tu. Anayejiita “Galaxy A12” mwache nje hadi atoke na kurudi kwa jina lake. Na tafadhali, usifundishie kwenye namba yako binafsi ya kikao. Haibadiliki kila kipindi, hivyo aliyeipata mwezi uliopita bado anayo.